Mbwa Akibadilika Tabia: Ni Woga au Kichaa?

Mbwa mpole akianza kujificha, kubweka ovyo au kukataa chakula, mwenyewe asikimbilie fimbo. Kwanza atafute chanzo.

Hapa Butali, ngurumo za radi msimu wa mvua huwatia mbwa wengi woga. Mbwa mwoga hutetemeka, huhema na kujibanza uvunguni, lakini mvua ikipita hurudia hali yake. Aachiwe mahali pakavu pa kujificha, na asichapwe, kwani kipigo huzidisha woga. Anayefungwa mnyororo mchana kutwa naye huhangaika. Atembezwe kila siku. Wengine hubadilika kwa sababu ya maumivu, kama kidonda au ugonjwa wa sikio.

Hatari ni mbwa anayezidi kubadilika: kuuma bila kuchokozwa, kutokwa na mate mengi, kubadilika sauti, kushindwa kumeza au kuyumba. Huenda ni kichaa cha mbwa. Asiguswe, watoto wawekwe mbali, na afisa wa mifugo wa wadi aarifiwe mara moja.

Aliyeumwa au kukwaruzwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo apewe chanjo. Asingoje dalili, zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufariki.

Mbwa huchanjwa akiwa na miezi 3, kisha kila mwaka. Kenya inalenga kumaliza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Kazi hiyo huanzia katika kila boma lenye mbwa.