Udongo Wetu Mmeupeleka Wapi?

N.S. mwanangu, pole, na hapo hapo nikupe hongera. Pole kwa sababu umebanwa kotekote. Hongera kwa sababu kinachokunyima usingizi ni ahadi uliyoitoa kwa watu ambao hawana namna ya kukudai.

Kwa wasomaji wengine nieleze kwa ufupi. N.S. ni mhadhiri msaidizi katika chuo kikuu kidogo, binti wa Laela, kwenye uwanda wa Ufipa, aliyesomeshwa kwa mahindi na maharage ya nyumbani. Miaka miwili iliyopita alirudi Ufipa na madodoso na mifuko ya kuchukulia udongo, akazunguka vijijini kuwauliza wakulima kwa nini wanaacha kulima intumba, ule ukulima wa matuta ya nyasi. Alipokewa vizuri, akaahidi kurudi na majibu. Hajarudi. Sasa jarida moja la ng'ambo limemwandikia kwamba makala yake imekubaliwa, alipe dola 400 ndani ya wiki moja. Mkuu wake wa idara anamhimiza alipe, maana chuo kinahitaji machapisho. Mwenyewe anafikiria kukopa Saccos. Na alipokwenda msibani nyumbani, mzee mmoja alimshika mkono akamuuliza mbele za watu: "Binti, udongo wetu mmeupeleka wapi?"

Swali la mzee

Mwanangu, mzee huyo hakukusudia kukuaibisha. Angetaka hivyo angekusema ukiwa umeshaondoka. Alikuona ukichimba shambani kwake, ukafunga udongo kwenye mfuko, ukaandika namba kwa wino mzito, ukapakia kwenye gari. Kwenye dodoso lako yeye ni namba. Kwenye shamba lile yeye ndiye mwenye mali, na mali yake iliondoka machoni pake.

Tena wewe ni mtoto wa pale, unajua intumba si kazi ya mchezo. Mvua zikielekea ukingoni, mkulima anakwatua nyasi pamoja na udongo ulioshikamana na mizizi yake, anazigeuza kichwa chini na kurundika matuta ya duara. Nyasi zinaozea ndani. Juu yake yanapandwa maharage, na msimu unaofuata matuta yanabomolewa na kusambazwa, hapo ndipo panapandwa ulezi au mahindi. Ni mbolea inayotengenezwa shambani bila gunia hata moja la dukani. Kwenye uwanda ambao udongo wake mwingi una tindikali na uhaba wa fosforasi, waliobuni jambo hilo walikuwa watafiti kabla yako na kabla yangu.

Ulichokipata maabara umenidokeza mwishoni mwa barua yako. Sitakiandika hapa. Wenye udongo hawajakisikia, na haifai wakisome gazetini kabla hawajaambiwa na aliyeuchukua.

Ufipa imeandikwa sana, Ufipa imesoma kidogo

Hili halikuanza na wewe. Miaka ya 1960 Mwingereza Roy Willis aliishi Ufipa akisikiliza simulizi za watawala na za watu wa kawaida, na mwaka 1981 kikatoka kitabu chake kuhusu Ufipa ya kabla ya ukoloni. Mwanaakiolojia wetu, Bertram Mapunda, aliandika tasnifu mwaka 1995 juu ya ufuaji chuma wa kusini-magharibi mwa Tanzania, na mwaka 2010 akatoa kitabu kizima kuhusu ufuaji chuma wa Wafipa. Ni kazi kubwa, nami nazishukuru, kwa sababu zimehifadhi mambo ambayo wazee wengi wamekwisha kuondoka nayo. Lakini zimeandikwa kwa Kiingereza. Kijana anayechunga ng'ombe jirani na mabaki ya malungu, zile tanuri ndefu za kuyeyushia chuma, anapita mahali palipoandikwa kitabuni, na kitabu chenyewe hajawahi kukishika.

Ipo njia nyingine, na imejaribiwa hapa hapa nchini. Wilayani Mbinga, Wamatengo wanalima kwa ngoro, yale mashimo yaliyopangwa kwenye miteremko kuzuia maji yasikokote udongo. Chuo Kikuu cha Sokoine, pamoja na Chuo Kikuu cha Kyoto na shirika la Kijapani la JICA, walianza kuutafiti ukulima huo miaka ya 1990. Wangeweza kuishia kwenye makala. Badala yake walikaa na wenyeji wa kijiji cha Kindimba na kujadiliana nao wanachokihitaji, na kazi ikafika mahali pa kujenga pamoja mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa nguvu ya maji. Makala ziliandikwa vilevile. Hakuna kilichopotea upande wa usomi kwa sababu wanakijiji walishirikishwa.

Na usidhani wakulima hawana haja ya maandishi. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi, wakisikiliza redio na kusoma vijitabu vyepesi vya Kiswahili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walipoandikiwa kwa lugha yao, juu ya jambo lao, walisoma na wakatenda.

Hilo jarida linalokuharakisha

Hapa nitasema kwa ukali kidogo, univumilie. Usilipe.

Unaniambia makala ilikubaliwa siku ya nne baada ya kuituma, bila swali hata moja kutoka kwa wahakiki. Mwanangu, hakuna mtu aliyeisoma. Mwaka 2013 mwandishi wa sayansi John Bohannon alitunga makala ya uongo iliyojaa makosa ambayo mhakiki yeyote makini angeyaona, akaituma kwa majarida 304 ya mtandaoni. Majarida 157 yaliikubali. Makala yako ni ya kweli, na ndiyo maana inaniuma zaidi kuiona ikienda kukaa mahali panapopokea chochote ilimradi kimelipiwa.

Fikiria yatakayofuata. Kamati ya kupandisha vyeo ikilitambua jarida hilo, makala haitahesabiwa, na jina lako litaanza kutiliwa shaka hata kwa kazi zako nzuri. Huwezi kuichukua makala hiyo hiyo ukaipeleka kwenye jarida la heshima, kwa sababu itakuwa imeshachapishwa. Jasho la miaka miwili litakuwa limeishia hapo, na mkopo wa Saccos utaendelea kukatwa kwenye mshahara kila mwezi.

Hukunieleza kama umesaini fomu ya kuhamisha hakimiliki. Kama bado, usisaini. Waandikie leo kwamba unaiondoa makala, na uitunze nakala ya barua hiyo. Kama ulishasaini, waandikie vilevile, kisha mwone mwanasheria wa chuo au ofisi ya utafiti kabla ya kufanya lolote jingine. Majarida ya namna hii yana desturi ya kudai pesa hata ya kukuachia. Usitoe hata hiyo.

Mkuu wako wa idara

Usimhesabu kuwa adui. Chuo kidogo kina hofu zake. Wahadhiri ni wachache, vipindi ni vingi, na kila ripoti inayokwenda juu inauliza machapisho ya mwaka ni mangapi. Inawezekana kabisa hajaliangalia jarida lenyewe, ameona tu neno "imekubaliwa" akafurahi.

Mwendee faraghani, siyo kwenye kikao. Mwonyeshe tarehe uliyotuma na tarehe uliyojibiwa, umwombe afungue mwenyewe tovuti ya jarida na kutafuta wahariri waliotajwa wanafundisha wapi. Kisha usimwachie pengo: mpelekee mpango wa vitu viwili, kijitabu cha wakulima mwaka huu na makala kwenye jarida linaloaminika. Kijitabu kina jina la chuo kwenye jalada. Chuo kikubwa kinaweza kukaa mbali na vijiji kikaendelea kusifiwa. Chuo kidogo heshima yake ya kwanza iko kwa majirani zake, na mkuu wa idara mwenye busara ataliona hilo akielezwa kwa adabu.

Akikataa bado? Basi mwombe athibitishe kwa maandishi kwamba anakuelekeza kulipa. Wengi hutafakari upya wanapofika kwenye kuandika.

Ukienda vijijini

Usiende wakati wa palizi. Nenda baada ya mavuno, mahindi yakishaingia ndani na watu wana nafasi ya kukaa. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mtu mzima wa kijiji ana nafasi pale. Zungumza na mtendaji mapema akuwekee ajenda. Mchukue bwana shamba wa kata, kwa sababu maswali yatakayobaki ukiondoka yataangukia kwake.

Lakini kabla ya mkutano mfuate yule mzee nyumbani kwake. Mwambie kilichoonekana kwenye udongo wake, yeye peke yake. Mkutanoni usitaje shamba la nani lina hali gani. Ardhi inauzwa, inarithiwa, inagombewa. Neno la mtaalamu kwamba shamba fulani limechoka linaweza kumshushia mtu bei au kuanzisha ugomvi wa ndugu. Toa picha ya kijiji kizima, na kila mwenye shamba apewe majibu yake kwa faragha.

Kijitabu kiwe kifupi, kurasa chache zenye michoro. Intumba iitwe intumba. Maneno kama tindikali yaeleze kwa yale wanayoyaona: mahindi yanayodumaa hata baada ya kutiwa mbolea, maharage yenye majani yanayopauka. Pale ambapo utafiti wako hauna jibu, sema hauna. Na usiahidi chokaa ya kilimo wala mbegu, hata wakikubana, kwa kuwa hilo haliko mikononi mwako, na ahadi ya pili isiyotimia itawaumiza kuliko ya kwanza. Nakala ziache ofisi ya kijiji na shule ya sekondari iliyo karibu.

Ukiogopa kwamba watakukasirikia kwa kuchelewa, ni kweli, baadhi watakukasirikia. Omba radhi mara moja, kwa sauti ya kusikika, kisha uanze kazi. Hasira hiyo ni ndogo ukiilinganisha na hasara ya kutokwenda kabisa. Kijiji kilichoahidiwa na kusahaulika hakimfukuzi mtafiti anayefuata. Kinamkaribisha vizuri na kumjibu lolote ili aondoke haraka, naye anaandika hayo, na mpango wa mbolea wa wilaya nzima unaweza kujengwa juu ya majibu ya namna hiyo.

Andika kila swali watakalouliza. Uliniambia hukuelewa kwa nini majibu ya vijana na ya wazee yanapishana. Yawezekana ni suala la nani ana maksai wa kulima na nani amebaki na jembe la mkono, au ni kwamba vijana waliokuwa wakirundika matuta wameondoka. Mimi nabahatisha, wao wanajua.

Makala yako

Ukishayasikia hayo, ndipo uifungue tena makala uirekebishe. Tafuta jarida ambalo walimu wako waliokutangulia wamechapisha na unaweza kuwauliza lilivyowatendea. Hifadhi ya majarida ya Afrika ya AJOL ni mahali pazuri pa kuanzia. Ada ikiwepo, usikope. Wachapishaji wengi wa kweli wana utaratibu wa kusamehe au kupunguza ada kwa watafiti wa nchi kama yetu, ila uombe kabla ya kuwasilisha. Uwashukuru wakulima kwa kutaja vijiji vyao. Itachukua miezi, pengine zaidi ya mwaka, na unaweza kukataliwa. Jarida la kweli likikukataa huwa linakueleza sababu. Zisome ukiwa umetulia, rekebisha panapostahili, upeleke kwingine.