DUANE NA ZAWADI ZINAZOTOKA INJE: HESABU INAFANYWA NAMNA GANI?

Na Kapita wa wanafunzi, mwaka wa 6 Biashara na Uongozi



Katika nyumba nyingi za muji wetu wa Lubumbashi kuko ndugu mumoja aliye Bruxelles, Johannesburg, Dubai ao Guangzhou. Siku moja anapiga telefone: «Nimewatumia koli, ni zawadi, hamutalipa kitu.» Furaha inaingia. Kisha majuma matatu barua inakuja, ao deklaranti anapiga telefone, na kwenye karatasi kumeandikwa dolari 98. Hapo ndipo ugomvi unaanza. Mama anasema yaya alitudanganya. Yaya kule Ulaya anasema sisi tunataka kumula feza, kwa sababu zawadi hailipiwi. Jamaa wanaweza kunyimana maneno mwaka muzima, na kumbe hakuna aliyesema uongo: hawakujua tu hesabu. Hii hesabu sisi wa Biashara tunaifundishwa, lakini wenzetu wa Pedagojia na wa Kemia hawaipati, ndiyo maana ninaileta hapa.

Kwanza jina. Wazazi wetu wangali wanasema OFIDA, kwani ndiyo iliyosimamia duane tangu mwaka 1979. Lakini kwa dekreti ya Desemba 2009 kazi ile ilipewa DGDA, ni kusema Uongozi Mukuu wa Duane na Aksize. Sheria yake kubwa, Kitabu cha Sheria za Duane, ni ya tarehe 20 Agosti 2010. Waswahili wa Tanzania wanaita duane «forodha». Tukisoma vitabu vyao tusipotee.

Sasa tuingie katika hesabu yenyewe. Watu wengi wanafikiri duane inahesabu juu ya bei ya duka. Sivyo. Kwetu inahesabu juu ya bei ya kitu mpaka pahali kinapoingia katika inchi, ni kusema mambo matatu pamoja: bei ya kitu, feza ya kukisafirisha, na feza ya asiransi. Wafaransa wanafupisha CAF, wengine CIF. Juu ya jumla ile wanaweka ushuru wa kuingiza. Kwa tarifu ya mwaka 2012, vitu visivyosamehewa vina viwango vitatu: 5%, 10% na 20%. Vyombo vya kazi na vitu vya kutengenezea vingine viko zaidi upande wa chini. Nguo, viatu na vitu vingine vilivyo tayari kutumiwa viko upande wa juu. Kisha inakuja TVA ya 16%, ile iliyoanza tarehe 1 Januari 2012. Na hapa, ndugu, fungueni macho: TVA haihesabiwi juu ya CAF peke yake. Inahesabiwa juu ya CAF pamoja na ushuru uliokwisha kuwekwa. Ni kodi inayopanda juu ya kodi.

Tutwae mufano. Yaya ananunua viatu na nguo mpya, yote dolari 180. Kwa kuwa anatuma kwa ndege, analipa dolari 66 za safari na dolari 4 za asiransi. CAF ni 180 + 66 + 4 = 250. Ushuru wa 20% ni dolari 50. TVA ni 16% ya 300, ni kusema dolari 48. Jumla 50 + 48 = dolari 98. Muzigo usipokuwa na musamaha, ile ndiyo feza ya duane.

Mutu aliyesikia tu «20 na 16» anafanya 36% ya 180, anapata karibu dolari 65, anaweka 65 mufukoni, anaenda kuaibika kwenye gishe. Ile 98 ni zaidi ya nusu ya bei ya duka! Sababu kubwa iko katika safari. Kwa kitu chepesi cha bei ndogo kinachotoka mbali kwa ndege, safari yenyewe inakuwa sehemu kubwa ya bei, nayo inatozwa. Kwetu Katanga jambo hili linatuuma kupita wengine, kwani hatuna bahari. Muzigo wa meli unashuka mara nyingi Dar es Salaam, unapakiwa katika lori, unavuka Tanzania mpaka Tunduma, unaingia Zambia kwa Nakonde, unakuja kutokea Kasumbalesa. Tanzania na Zambia hazitozi ushuru wa muzigo unaopita tu, zinataka dhamana kwamba hautauzwa njiani. Lakini usafiri ule mpaka mupaka wetu unaingia katika CAF. Mutu wa Matadi hana shida ile.

Na tena, kando ya DGDA kuko wengine wanaochukua feza yao: OCC inayopima ubora na wingi wa bidhaa, FPI ya kusaidia viwanda, na deklaranti anayefanya karatasi. Wa mwisho huyu bei yake inapatanwa, kwa hiyo uliza mbele, si nyuma.

Sasa neno «zawadi». Wengine wanalitumia kama vile dawa: andika «cadeau» juu ya sanduku, mulango unafunguka. Lakini afisa wa duane hatafuti kama ulilipa, anatafuta kitu kina bei gani. Katika mapatano ya OMC juu ya bei ya duane (inchi yetu iliingia OMC tarehe 1 Januari 1997), njia ya kwanza ni bei iliyolipwa kweli. Zawadi haikuuzwa kwa anayeipokea, kwa hiyo njia ya kwanza haifai. Afisa anashuka kwenye njia zinazofuata: bei ya kitu kilekile kilichoingia wakati uleule, kisha bei ya kitu kinachofanana nacho, na kuendelea mpaka njia ya sita. Munaona? Yule aliyeandika «bei: 0» hakujisaidia. Amemuachia afisa kutafuta bei mwenyewe, na bei ya afisa inaweza kupita ile ya duka la soldes alipofanya soko. Fakture ya kweli, hata ya zawadi, inamulinda anayepokea.

Musamaha wa zawadi kuko inchi zinazoutoa, lakini kwa kipimo, si kwa neno. Inafaa tuujue kwa sababu sisi pia tunatuma. Bibi akimutumia mujukuu wake Liège kitenge na kikapu, inchi za Umoja wa Ulaya zinaacha bila ushuru na bila TVA zawadi isiyopita euro 45, ikiwa imetoka kwa mutu binafsi kwenda kwa mutu binafsi, mara mojamoja, bila malipo. Uingereza kipimo ni pauni 39. Marekani zawadi isiyopita dolari 100 inapita. Lakini ule musamaha mwingine mukubwa wa dolari 800, uliokuwa wa vitu vyote vidogo, ulisimamishwa kwa inchi zote tarehe 29 Agosti 2025, na wengi hawajasikia. Tena musifunge nyama wala maziwa katika koli ya Ulaya. Hata kama ni nyama ya mbuzi ya arusi, itatupwa.

Kuna shauri linalopita kinywa kwa kinywa: «Mwambie aandike dolari 20 tu.» Nitasema wazi ninavyowaza. Kwanza ni uongo, na sisi tumefundishwa. Lakini hata asiyejali Amri za Mungu apige hesabu. Kudanganya bei ni kosa la duane: muzigo unaweza kukamatwa, na faini kuwekwa juu. Zaidi ya ile, muzigo ukipotea, posta ao kampuni inalipa kwa kufuata bei uliyoandika. Viatu vya dolari 180 vimepotea, wewe uliandika 20, utalia na 20. Na anayeitwa kwenye gishe kujibu si yaya aliye Bruxelles, ni mama yako anayepokea.

Karatasi ya posta inaitwa CN22 kwa vifurushi vidogo, na CN23 kwa mizigo mikubwa zaidi. Zinatumiwa katika inchi zote za Umoja wa Posta, ule ulioanzishwa Bern mwaka 1874. Kuna pahali pa kutia alama kwamba ni zawadi, na pahali pa kuandika kila kitu, uzito wake na bei yake. Waambieni ndugu wasiandike «vitu mbalimbali». Waandike: viatu vya ngozi, jozi 2, mashati ya pamba, 3. Afisa anatafuta namba ya kitu katika orodha ya dunia nzima iliyoanza kutumiwa tarehe 1 Januari 1988, ambamo vitu vimepangwa kwa namba sita. Vitabu viko sura ya 49, baisikeli ni 8712, mashini za kushona ni 8452. Namba ndiyo inayoleta kiwango. Mutu akiandika ovyo, namba ovyo, ushuru ovyo.

Kwa habari ya vitabu tuna neema. Kwa Mapatano ya Florence ya mwaka 1950, yaliyotengenezwa na UNESCO na kukubaliwa na inchi yetu pia, vitabu havitozwi ushuru wa duane. Lakini feza za kazi, kama depo na deklaranti, zinabaki. Usimwambie mutu wa depo juu ya Florence, hatakuelewa.

Sasa neno kwa wakubwa wetu, kwa heshima. Makanisa rafiki ya inje yanapenda kutumia masomo yetu vitabu, ordinatere na mikroskopi. Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001, juu ya mashirika yasiyotafuta faida, inaruhusu musamaha kwa vyombo vya kazi yao. Lakini musamaha ule haushuki wenyewe kama mana. Unaombwa, na waziri wa Feza pamoja na waziri wa kazi ile wanatia sahihi. Shida ni kwamba mara nyingi sanduku linasafiri kwanza na maombi yanafuata. Najua parokia moja iliyopokea sanduku la mikroskopi namna ile. Walipokuwa wakikimbia na karatasi, depo ilihesabu siku, na kwa kontena tena mwenye kontena anahesabu siku zake. Feza ya depo ilipita bei ya mikroskopi, wakaziacha. Watoto wa pale wangali wanajifunza seli za kitunguu kwa kuchora ubaoni. Basi wazungu wakiandika «tunataka kutuma», jibu la kwanza liwe: mungoje, tutumieni orodha na bei kwanza, tuombe musamaha, tukiupata tutawaandikia.

Tusisahau ile feza isiyo na karatasi. Kodi ya kweli ina karatasi yenye hesabu, na inalipwa banki. Si mukononi mwa mutu kwenye kivuli cha muembe. Akikuambia mutu «toa kidogo tuimalize hapa», omba karatasi, kwa upole, ukimuita papa ao mama. Mara nyingi ile bei inapungua yenyewe. Katika Luka 3 watoza ushuru walimwendea Yoane Mubatizaji wakamuuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi. Aliwakataza kupita kipimo kilichowekwa. Maneno haya yanatuhusu sisi wa Biashara zaidi, kwa kuwa kesho wengine wetu ndio tutakaa upande ule mwingine wa gishe.

ZOEZI. Shangazi aliye Antwerpen ametuma mikoba mipya 12 ya masomo. Bei ya mikoba yote ni dolari 150, safari dolari 45, asiransi dolari 5. Kiwango cha ushuru ni 20%.
a) Tafuta CAF, ushuru, TVA na jumla.
b) Kama shangazi aliandika «zawadi, dolari 10» na mikoba ikapotea njiani, atadai ngapi?

Majibu yatabandikwa kwenye mulango wa biblioteke siku ya Kazi ya Tatu. Atakayepata 72 katika (a) arudilie hesabu mbele ya kuja kubishana nami.