Uliza Jumla Kwanza



Shabaha ya somo letu la mwezi huu ni ndogo: kujifunza kuuliza swali moja kabla ya kutia sahihi mkataba wowote wa kulipa kidogo kidogo. Mfano wetu watoka mbali, katika duka la magari huko Marekani. Nimeuchagua kwa sababu nilikuwapo mwenyewe, na kwa sababu wengi wetu tuna watoto huko ambao siku moja watakaa kwenye kiti kile alichokaa mwanangu. Basi chukua kalamu na daftari. Hesabu zake si ngumu.

HALI ILIVYOKUWA

Mwaka 2023 nilikwenda katika jimbo la Ohio kumwona mjukuu wangu. Gari la mwanangu lilikuwa limechakaa, na kazini kwake ni maili 28 kutoka nyumbani, wala hakuna basi la kumfikisha. Akaamua kukodi gari jipya kwa mkataba wa miezi 36. Jambo hili ni la kawaida kule. Mtu halinunui gari, bali hulitumia miaka mitatu kisha hulirudisha. Hulipia thamani inayopungua kwa muda huo, pamoja na riba.

Tulifika dukani saa 4 asubuhi. Kijana muuzaji alitupokea vizuri, akanivutia kiti, akatuletea kahawa. Gari tulilolipenda lilikuwa na karatasi dirishani yenye bei ya dola 30,000. Sheria ya Marekani ya mwaka 1958 yalazimisha karatasi hiyo ibandikwe kwenye gari jipya, lakini bei ile ni pendekezo la kiwanda tu, na mteja anaweza kupatana. Mwanangu alilijua hilo. Lakini kabla hajafungua kinywa, yule kijana akamwuliza, "Ungependa kulipa kiasi gani kwa mwezi?"

Mwanangu akajibu, "Dola 400."

Hapo ndipo tulipopotea njia. Tangu wakati ule, kila tulipouliza bei ya gari tulijibiwa habari za mwezi. "Ngoja nikazungumze na meneja," akasema, akaondoka kwa nusu saa. Akarudi na dola 477. Mwanangu akakataa. Akaenda tena kwa meneja, akarudi na maelezo mengine, na bei ya gari bado haikutajwa. Mara ya tatu alirudi akitabasamu, akampa mwanangu mkono: "Tumekufikia! Dola 400 na senti 39."

Ilikuwa saa 8 mchana. Katika karatasi aliyoileta palikuwa na mambo mawili ambayo hatukuyazungumza. La kwanza, kianzio cha dola 2,500 siku ya kutia sahihi. La pili, gari lisizidi maili 10,000 kwa mwaka, na kila maili ya ziada ilipiwe senti 20.

Mwanangu akaninong'oneza kwa Kiswahili, "Mama, tutie sahihi tu. Tumekaa hapa saa nne nzima na kahawa yao tumekunywa. Naona aibu kuondoka."

Nikamwambia, "Mwanangu, kahawa hulipwa kwa ahsante." Kisha nikaomba karatasi na kalamu. Nakiri kwamba nilichelewa. Mimi niliyefundisha hesabu chuo cha ualimu kwa miaka mingi, asubuhi yote nilikaa kimya kama mgeni aliyekuja kutazama picha.

HESABU YENYEWE

Malipo ya mwezi ya mkataba wa namna hii yana sehemu mbili. Ili somo liwe jepesi nimeacha kodi za serikali na ada za duka.

1. Uchakavu. Gari la dola 30,000 lilikadiriwa kuwa na thamani ya dola 18,000 mwisho wa mkataba. Tofauti ni dola 12,000. Gawanya kwa miezi 36, utapata dola 333.33 kwa mwezi.

2. Riba. Katika karatasi zao riba ya mkataba wa kukodi mara nyingi haiandikwi kwa asilimia. Hutumia namba ndogo, na yetu ilikuwa 0.003. Jumlisha bei ya mwanzo na thamani ya mwisho, yaani dola 48,000, kisha zidisha kwa namba hiyo, utapata dola 144 kwa mwezi. Ukitaka kujua asilimia kwa mwaka, zidisha namba ndogo kwa 2,400, yaani miezi 12, mara 2 kwa ajili ya kupata wastani wa deni, mara 100. Yetu ilikuwa asilimia 7.2.

Jumla ya sehemu hizo mbili ni dola 477.33. Hiyo ndiyo namba ya kwanza aliyotuletea. Je, ilishukaje hadi 400.39? Bei ya gari haikupunguzwa hata dola moja. Kilichofanyika ni kuchukua dola 2,500 za mwanangu mwenyewe, kuziondoa kwenye 30,000, na kupiga hesabu upya. Tulikuwa tumeshangilia punguzo lililotoka mfukoni mwetu. Tena, gari likiibiwa au likiharibika kabisa mwezi wa pili, kianzio hicho kwa kawaida hakirudi.

Sasa tuangalie maili. Kwenda na kurudi kazini ni maili 56. Kwa siku 5 za juma na majuma 50 ya mwaka, ni maili 14,000, kabla hajakwenda sokoni wala kumpeleka mtoto kwa daktari. Kwa miaka mitatu angezidisha maili 12,000. Kwa senti 20 kila moja, angedaiwa dola 2,400 siku ya kurudisha gari.

Basi jumla ya mkataba ule wa "dola 400" ni hii: kianzio 2,500, malipo ya miezi 36 dola 14,414, na maili za ziada 2,400. Jumla dola 19,314.

Nilipomwonyesha mwanangu, alinyamaza. Yeye ndiye anayemlipia mdogo wake ada ya chuo huku nyumbani. Hakuna aliyehitaji kumweleza kwamba fedha zile zingetoka wapi.

Tukamshukuru yule kijana, tukaondoka. Meneja mwenyewe, ambaye kwa saa nne hatukumwona, alitufuata hadi mlangoni akisema kwamba bei ile ni ya leo tu. Kesho yake walipiga simu.

TULIVYOFANYA BAADAYE

Kule kwa kawaida kila duka ni biashara ya mtu au kampuni yake, hata kama maduka mawili yauza magari ya kiwanda kimoja. Kwa hiyo gari lile lile huweza kuwa na bei tofauti mtaa wa pili. Mwanangu aliandika barua fupi kwa maduka manne kwa njia ya kompyuta, akauliza mambo matano tu: bei ya gari baada ya kupatana, thamani ya mwisho, namba ndogo ya riba, idadi ya maili, na jumla ya fedha zote hadi siku ya kurudisha gari. Mawili hayakujibu. Moja lilisema, "Njoo tuzungumze." La nne lilijibu yote.

Bei ilikuwa dola 28,000, bila kianzio, kwa maili 15,000 kila mwaka. Kwa kuwa maili ziliongezeka, thamani ya mwisho ilishuka hadi 17,400. Namba ya riba ilikuwa ile ile. Uchakavu: 10,600 kwa miezi 36, yaani 294.44. Riba: 45,400 mara 0.003, yaani 136.20. Malipo ya mwezi: dola 430.64.

Msomaji aweza kusema, "Lakini hizo ni nyingi kuliko 400!" Ndiyo, kwa mwezi. Lakini zidisha kwa 36 upate jumla: dola 15,503. Mkataba wa dola 430 ulikuwa rahisi kuliko ule wa dola 400 kwa dola 3,811. Tafadhali hesabu mwenyewe kabla ya kuniamini.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwanza, tusimchukie muuzaji. Yule kijana ni mtoto wa mtu, na wauzaji wengi kule hulipwa kwa kamisheni. Ajua kwamba mteja aliyeondoka kwa kawaida harudi. Amefundishwa kuzungumza habari za mwezi kwa kuwa namba ya mwezi ni ndogo na haitishi. Kazi yetu si kumtukana bali kupiga hesabu zetu.

Pili, kuondoka si utovu wa adabu. Sokoni kwetu mama akikataa bei ya nyanya huondoka, na muuzaji humwita arudi, wala hakuna anayenuna. Kuondoka ni sehemu ya maongezi. Kwa nini basi tuone aibu mbele ya meza ya kioo? Aibu ile ndiyo iliyotaka kumtia mwanangu sahihi, wala si uzuri wa gari.

Tatu, tujue sheria yatusaidia wapi na yatuacha wapi. Sheria ya Marekani ya mwaka 1976 yamtaka mwenye kukodisha aandike, kabla ya sahihi, fedha zitakazolipwa siku ya kwanza, malipo ya kila mwezi, jumla ya malipo, na gharama za matumizi yaliyozidi. Haimlazimishi kuandika riba kwa asilimia. Na wale wanaodhani wana siku 3 za kughairi wajihadhari: kanuni ya serikali kuu ya siku 3 haihusu gari lililochukuliwa dukani kwa muuzaji. Ukishatia sahihi umekwisha funga.

Nne, somo hili si la Marekani peke yake. Kijana wetu anayechukua bodaboda kwa mkataba huambiwa fedha za kila siku au kila juma. Mama anayechukua makochi au cherehani kwa kulipa polepole huambiwa fedha za mwezi. Namba yaonekana ndogo, naye huitika. Azidishe kwanza. Akikuta jumla ni mara mbili ya bei ya dukani na bado aona yafaa, ni hiari yake, lakini awe ameamua akijua.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Pikipiki yauzwa shilingi 2,800,000 taslimu. Kwa mkataba, kijana atalipa shilingi 12,000 kwa siku, siku 6 za juma, kwa majuma 60. Atalipa jumla kiasi gani? Zaidi ya bei ya taslimu ni kiasi gani?

2. Je, umewahi kukubali jambo la fedha kwa sababu uliona aibu kukataa? Ungesema nini leo?

3. Katika nyumba yako, nani hupiga hesabu kabla ya mkataba kutiwa sahihi? Je, vijana wako wanajua kuzidisha kwa miezi yote?

Majibu ya swali la kwanza tutayatoa toleo lijalo. Msiwafanyie watoto, waacheni wahangaike nalo kidogo.