MBUZI WA MAZIWA: MAJUMA SITA KABLA YA KUZAA

Mkulima, somo la mwezi huu ni juu ya ugonjwa unaoua mbuzi wazuri wa maziwa wakati uleule ambao mwenyewe anatazamia faida. Mbuzi ana mimba kubwa, na mwenye mbuzi amekwisha kuhesabu maziwa na watoto. Siku moja asubuhi anamkuta amelala, hataki kula. Baada ya siku chache mbuzi amekufa, na watoto wamekufa tumboni. Wengine husema ameumwa na nyoka, wengine husema amelishwa sumu. Lakini mara nyingi mbuzi wa namna hii ameuawa na njaa ya ndani ya mwili, hata ikiwa kihori chake kilijaa majani.

Njaa hiyo yatoka wapi?

Mbuzi huchukua mimba siku 150 hivi. Katika miezi mitatu ya kwanza watoto hukua polepole. Sehemu kubwa ya uzito wao huongezeka katika majuma sita ya mwisho, na kila siku huvuta sukari katika damu ya mama yao. Wakati huohuo wanalibana tumbo lake la chakula, hata hawezi kula majani mengi kama zamani. Mahitaji yamezidi, na nafasi imepungua.

Hapo mwili huanza kuyeyusha mafuta yake wenyewe. Mafuta kidogo hayadhuru. Yakiyeyuka mengi, ini hulemewa, na damu hujaa vitu viitwavyo ketoni. Ketoni zikizidi humlevya mbuzi na kumwondolea hamu ya chakula. Kwa kuwa hali, mafuta huzidi kuyeyuka. Ndiyo maana ugonjwa huu ukishika sana ni vigumu kuuponya.

Mbuzi gani wamo hatarini?

Kwanza ni mwenye mimba ya watoto wawili au watatu. Mbuzi wa Toggenburg wanaofugwa Meru, na wa Alpine wanaofugwa Nyeri, pamoja na machotara wao, huzaa pacha mara nyingi. Pili ni mbuzi aliyekonda. Tatu ni mbuzi aliyenona kupita kiasi. Usishangae: mafuta yaliyojaa tumboni humpunguzia nafasi ya chakula, na yakianza kuyeyuka humiminika kwa wingi kwenye ini.

Usimpime kwa macho, maana manyoya na tumbo la mimba hudanganya. Weka mkono mgongoni, nyuma ya ubavu wa mwisho. Ukisikia mifupa imechongoka kama meno ya msumeno, amekonda. Ukibonyeza kwa nguvu usisikie mfupa, amenona mno. Mbuzi mzuri husikika mifupa yake ukibonyeza kidogo. Mpime mapema, kabla ya miezi miwili ya mwisho. Mbuzi mnene mwenye mimba kubwa usimnyime chakula ili akonde, kwani utamletea ugonjwa huohuo unaoukimbia.

Hesabu siku

Andika siku aliyopandwa. Mbuzi aliyepandwa tarehe 1 Mei atazamiwe kuzaa karibu na tarehe 28 Septemba. Acha kumkama mwisho wa Julai, yaani siku 60 kabla, apate kupumzika. Majuma sita ya hatari yataanza tarehe 17 Agosti. Angalia tena: mahali pengi Agosti na Septemba ni miezi ya ukavu, na majani yamekuwa magumu. Kwa hiyo weka akiba ya majani makavu mazuri wakati mvua ingalipo.

Jinsi ya kumlisha

1. Mpe majani laini yenye nguvu, kama marando ya viazi vitamu au matawi ya kaliandra, pamoja na majani ya nepia yaliyokatwa machanga. Mabua makavu peke yake hayatoshi.

2. Anza kumpa chakula cha dukani cha mifugo wa maziwa, robo kilo kwa siku. Ongeza kidogo kidogo mpaka afikie nusu kilo karibu na kuzaa. Igawe sehemu mbili, asubuhi na jioni. Usimpe nafaka nyingi kwa ghafula, maana huchachuka tumboni na zaweza kumuua.

3. Awe na maji safi na chumvi ya mifugo siku zote.

4. Afungiwaye bandani atolewe atembee kila siku.

5. Usimsafirishe, wala usimwache akose chakula hata siku moja.

Akikwisha kuzaa usipunguze chakula. Maziwa nayo huvuta sukari na chokaa katika damu. Endelea kuongeza polepole kwa majuma mawili au matatu.

Dalili

Dalili ya kwanza ni ndogo: mbuzi anaacha chakula cha dukani, ingawa bado anatafuna majani kidogo. Hujitenga na wenzake na kusaga meno. Baadaye huyumba, hugonga vitu kama kipofu, au huegemeza kichwa ukutani. Pumzi yake yaweza kunuka utamu kama wa matunda yaliyoiva mno. Mwisho hulala asiweze kuinuka.

Usingoje mpaka alale. Siku ileile anapoacha kula, mwite daktari wa mifugo au afisa wa mifugo wa wadi yako. Iwapo anameza vizuri, dawa iitwayo propilini glaikoli, mililita 60 mara mbili kwa siku, humrudishia sukari. Inunue katika duka la dawa za mifugo. Kamwe usimpe maji ya kutia katika rejeta ya gari, hata ukiambiwa ni kitu kimoja. Hayo yaweza kuwa sumu. Huenda daktari akaona yafaa kuwatoa watoto mapema ili kumwokoa mama.

Uko ugonjwa mwingine unaofanana na huu, nao ni homa ya maziwa. Huja karibu na kuzaa au baada yake, chokaa inapopungua katika damu. Ingawa huitwa homa, mara nyingi mwili haupati moto: masikio huwa baridi, mbuzi hutetemeka na kulegea. Sindano ya chokaa humponya upesi, lakini daktari ndiye aidunge, maana ikiingia mshipani kwa haraka yaweza kuusimamisha moyo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mbuzi mnene naye yumo hatarini?
2. Mbuzi wako alipandwa lini, na majuma yake sita yataanza lini?
3. Mbuzi mwenye mimba kubwa akiacha chakula cha dukani asubuhi, utafanya nini kabla ya jioni?

Swali la pili lijibu leo, ukaandike jibu lake juu ya mlango wa banda.