Mtu mmoja, mstari mmoja: namna ya kupanga liste ya mavuno



Mama analeta maharagi ku soko la Mudaka leo, na wiki ingine anarudi na mzigo mwingine. Kila mara sekretere anaandika mstari mpya. Ni vizuri. Lakini siku ya kugawa franga, koperative hailipi mistari, inalipa watu. Tuangalie mfano huu:

Risiti 1: memba 014, Nabintu Espérance, kilo 40
Risiti 2: memba 027, Bahati Jean, kilo 25
Risiti 3: memba 014, Espérance Nabintu, kilo 35
Risiti 4: memba 031, Nabintu Espérance, kilo 20
Risiti 2: memba 027, Bahati, kilo 25

Ukijumlisha yote, unapata kilo 145. Depo iko na kilo 120 tu. Kosa liko wapi?

1. Anza na risiti. Risiti 2 imeandikwa mara mbili. Ni mzigo ule ule: futa mstari mmoja, usijumlishe.

2. Kisha fuata numero ya memba, si jina. Huku kwetu Kabare, akina Nabintu ni wengi. Tena mtu mmoja anaandikwa leo jina la kizazi mbele, kesho la ubatizo mbele. Ukifuata jina, Nabintu wa 031 atapoteza kilo 20 zake, zitaenda kwa mwenzake.

3. Fungua mstari mmoja kwa kila numero. Numero ikirudi na risiti ingine, ongeza kilo pale pale. 014: 40 na 35, ni 75.

4. Jumlisha kilo tu. Telefone na kijiji havijumlishwi. Vikiachana, muulize mwenyewe.

Matokeo: 014 kilo 75, 027 kilo 25, 031 kilo 20. Jumla 120, sawa na depo. Mistari ilikuwa 5, lakini wanamemba ni 3. Ku mkutano mkuu pia, kura ni 3.

Wenye ordinateri, programu inafuata njia hii hii: inasoma mstari, inatafuta numero, ikikosa inafungua nafasi, ikipata inaongeza. Lakini haijui Nabintu ni nani. Msipompa kila memba numero yake, itachanganya watu haraka kuliko sekretere.

Msitupe kaye ya kwanza. Memba akilalamika, ndiyo itaonyesha ukweli.

Zoezi: risiti 5 ikija, memba 031, kilo 15, mtaandika nini?