Ngozi Inayokaa Kwenye Unyevu: Somo kwa Kamati za Sharika



Katika toleo hili tunajifunza jambo ambalo wengi huona aibu kulitaja: ngozi kubabuka kwa sababu ya kuvuja mkojo au choo. Huwapata wazee walioshindwa kujizuia, waliopooza, na kina mama wenye fistula, yaani tundu linalotokea kati ya kibofu na uke baada ya uchungu pingamizi wa muda mrefu.

Si laana, wala si uchafu wa mtu. Mkojo ukikaa kwenye ngozi, bakteria huugeuza kuwa amonia, ile harufu kali tunayoijua. Amonia huharibu tindikali kidogo inayoilinda ngozi. Ngozi hulainika, huchubuka, na fangasi hupata mahali pa kuota. Kwenye ngozi nyeusi msitafute wekundu tu. Angalieni weusi uliozidi, joto na maumivu.

Wengi hupunguza kunywa maji ili wasilowe. Kumbe mkojo mchache huwa mkali na huchoma zaidi. Mgonjwa anywe maji ya kutosha. Aoshwe taratibu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, akaushwe bila kusuguliwa, kisha apakwe mafuta ya mgando kidogo.

Huku kwetu Mapera shida kubwa ni vitambaa. Wakati wa mvua havikauki, na kitambaa kibichi huturudisha pale pale. Kwa hiyo msaada wa kwanza wa kamati ni vitambaa vya pamba vya kubadilisha, sabuni, na kamba ya kuanikia jikoni. Sabuni haipendezi sana katika taarifa ya mradi, lakini ndiyo inayohitajika.

Kwa fistula, mafuta hayatoshi. Mama akianza kuvuja baada ya kujifungua, apelekwe hospitali mara moja. Tundu dogo likiwahiwa katika wiki chache za mwanzo huweza kuziba kwa kuwekewa mpira wa mkojo tu; kubwa huhitaji upasuaji. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, imekuwa ikiufanya bila malipo, na mwaka 2009 ilianza kutuma nauli za wagonjwa kwa M-Pesa.

Lakini kutoka Mbinga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000. Mama akikataa kusafiri, kamati isiulize habari za nauli tu. Iulize pia nani atabaki na watoto, na nani atachuma kahawa yake.