Mbona picha zangu za Kariakoo zimepauka?

*Nina simu nzuri na napenda kupiga picha nyeusi na nyeupe Mtaa wa Kongo na kandokando ya soko. Kwa macho pamechangamka, ila picha hutoka kijivu kama majivu. Nibadilishe simu? — M., Ilala*

Ndugu M., simu iache. Kinachokuchangamsha pale Kongo ni rangi, na rangi ndiyo unayoifuta. Kanga nyekundu kando ya fungu la mchicha hugombana machoni. Zikiwa na mng'ao unaolingana, kamera huzifanya kijivu kilekile. Basi tafuta mwanga na giza.

Weka kamera kwenye nyeusi na nyeupe kabla ya kupiga. Nenda saa moja na nusu asubuhi, jua likiwa ubavuni. Saa sita jua letu hupiga utosini na macho ya watu hugeuka mashimo. Hapo mimi huachana na nyuso, nikageukia zege la soko kuu, kazi ya msanifu Beda Amuli. Ukitaka uso, mtu msimamishe mlangoni mwa duka lenye giza, akitazama nje. Gusa uso wake kwenye kioo cha simu, kisha shusha mwangaza kidogo. Mwombe ruhusa kwanza (machinga aliyeviziwa hununa, na ana haki).

Ukihariri, ikiwa simu imehifadhi rangi za picha, pandisha mng'ao wa nyekundu na shusha wa buluu: kanga itang'aa, anga litakolea.

Picha zikikolea kwenye simu lakini zikachapishwa zimepauka au zina ukijani, muone mchapishaji. Omba moja ya majaribio kabla ya kulipia zote.